Wamempumzisha Kufuli

Mama Kufuli alikuwa na pini mdomoni na kola ya shati la shule mkononi, mwanawe alipotoka chumbani akichechemea. Asubuhi zote zilikuwa hivyo. Goti lake la kulia lilitaka kubembelezwa kama mtoto aliyeamka vibaya: kwanza kitambaa cha maji moto, kisha bandeji, kisha kuzunguka cherehani taratibu mpaka likubali kukunjika.

"Limeamkaje?" mama aliuliza kwa pembe ya mdomo.

"Limenuna. Litacheka likiona uwanja."

Mama akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. Alikuwa na desturi hiyo. Maneno mepesi aliyasema na pini zikiwa mdomoni. Ukiona amezitoa, ujue lipo zito.

"Leo wakikuita, sikiliza tu. Sema ndiyo, ukae."

"Kwani nimesema nini tena, mama?"

"Hujasema. Ndiyo maana nakuambia mapema."

Kufuli akacheka, akanyoosha mguu afungwe bandeji. Jina hilo alipewa na mashabiki. Alikuwa beki wa kati, na kwa miaka mingi washambuliaji waliofika kwake walikuta pamefungwa. Mama yake alikuwa na lake la kusema. Alisema kufuli wameliweka golini, mdomoni wakasahau.

Naye alikuwa na sababu ya kuogopa. Timu ilikuwa imenunuliwa na tajiri mmoja wa mabasi, na uongozi mpya uliingia na mambo mapya. Ulipaka geti rangi. Ulimleta msemaji mwenye suti na sauti kama asali. Ulimwondoa daktari wa timu, kazi yake ikafanywa na sindano: mchezaji akiumia, anadungwa dawa ya kuua maumivu, anarudishwa uwanjani. Winga mmoja kijana alidungwa hivyo mechi tatu, na sasa anatembelea gongo.

Mwenyekiti mpya alipoitisha mkutano wa wachezaji, akauliza kama kuna mwenye neno, wote walitazama viatu vyao. Kufuli akasimama.

"Mheshimiwa, goti si tairi," alisema. "Huwezi kuliziba kiraka ukatumaini litamaliza safari."

Wenzake wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Kesho yake maneno yale yalikuwa redioni, aliyeyapeleka hakujulikana, na tangu siku hiyo wachezaji wakaamriwa kuacha simu zao getini kwa mlinzi.

Mzazi mwenye mtoto msema kweli hulala jicho moja. Mama Kufuli alikuwa akilala hivyo tangu mkutano ule.

Getini, mlinzi aliipokea simu ya Kufuli, akaiweka kwenye boksi la viatu pamoja na nyingine. Siku zote alikuwa na utani, leo aliangalia pembeni.

"Kaka, wamesema upite ofisini. Usiende kubadilisha nguo."

"Kuna nini?"

"Mimi ni geti tu, kaka. Geti halijui kitu."

Akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi. Kutoka hapo aliuona uwanja. Wenzake walikuwa wanakimbia, na katikati ya mabeki alikuwepo mgeni mwenye jezi namba tano, bado ina mikunjo ya kutoka kwenye mfuko. Namba tano ilikuwa yake. Nahodha alipita karibu, akamsalimia kwa nyusi. Msemaji alichungulia mlangoni, akasema, "Dakika moja tu, mkongwe wetu," akarudi ndani. Kupitia ukuta ikasikika sauti yake tamu ikizungumza na mtu kwenye simu. Jua likapanda, benchi likapata moto, dakika moja haikuisha.

Sauti ile ilikuwa inakwenda redioni moja kwa moja.

Kinyozi wa mtaa wa akina Kufuli alikuwa na redio juu ya kioo na kichwa cha mteja mkononi. Mashine ilikuwa inanguruma, kwa hiyo tangazo alilipata vipande vipande. Alisikia "kwa moyo mzito." Alisikia "beki wetu Kufuli." Akazima mashine, akasikia mwisho wake: "...amepumzishwa kuanzia leo. Daima tutamkumbuka." Halafu redio, sijui kwa heshima gani, ikapiga wimbo wa taratibu.

Kinyozi akavuka barabara, akamwambia muuza mkaa kwamba Kufuli amepumzishwa. Muuza mkaa akamwambia wa jirani kwamba Kufuli kapumzika. Tofauti ni ndogo, herufi chache tu, lakini mtaani neno likishaota miguu halirudi kuuliza njia.

Muuza mkaa ndiye aliyefika kwa mama Kufuli. Machozi yalikuwa yamechora mifereji kwenye uso wake mweusi kwa vumbi la mkaa.

"Dada, zima cherehani."

Mama Kufuli hakuzima. Mguu uliendelea kukanyaga peke yake, shati likapita chini ya sindano mpaka likaisha, uzi ukashona hewa. Mdomoni alikuwa na pini. Muuza mkaa alipomaliza kusema, ikabidi amshike taya na kuzitoa yeye mwenyewe, moja moja, asije akazimeza.

Wakapiga simu. Ikaita, haikupokelewa. Wakapiga tena, ikaita, haikupokelewa, na hapo hata aliyekuwa na shaka akaamini. Majirani wakaleta mikeka. Mtu akampigia shangazi wa Kufuli, anayekaa mbali, naye akasema anapanda basi sasa hivi. Mama Kufuli akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani. Jambo moja tu alilirudia: "Bandeji nilimfunga mwenyewe. Nilimfunga mwenyewe."

Huku ofisini, Msemaji hatimaye alifungua mlango.

"Kaka, uongozi umeamua kukupumzisha."

"Mimi sijachoka."

"Ni neno la heshima tu. Umetumika sana."

"Na hili goti? Nimeliumizia hapa. Nani analitibu?"

Msemaji akafungua mikono yote miwili, kama mtu anayeonyesha kwamba hajaficha kitu. "Daktari si tulishamwondoa? Hilo unalijua. Ulilisema mpaka redioni."

Kufuli alikuwa na jibu. Akakumbuka pini kwenye mto, akalimeza, akatoka. Getini mlinzi akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Imelia sana, kaka. Nimekatazwa kupokea. Imelia mpaka imezima."

Alirudi kwa miguu, polepole. Kwenye kona, mteja wa kinyozi aliyenyolewa nusu kichwa alimwona, akanyanyuka kitini na kitambaa shingoni, akakaa tena. Hakuna aliyemsalimia. Kufuli alidhani habari zimeshafika, na watu wanamwonea haya. Mpaka akaona viatu vingi mlangoni kwao.

Akaingia. Mama yake akatambaa mpaka alipo, akashika goti kwanza. Akaipapasa bandeji, akakuta fundo ni lake mwenyewe. Ndipo akainuka akampiga bega kwa kiganja.

"Ulikuwa wapi?"

"Benchi, mama."

"Wamesema umepumzika."

"Wamenipumzisha. Wamenifukuza, mama."

"Sasa si wangesema wamekufukuza?" muuza mkaa akadakia. "Mtu nimeacha gunia wazi barabarani kuja kukulilia. Saa hizi hata kipande hakuna."

Kicheko kikaanza, kikachanganyika na kilio. Kikakatwa na simu ya mama Kufuli. Alikuwa Msemaji, na safari hii sauti yake haikuwa na asali. Mashabiki walikuwa wamejaa getini. Walikuwa wanasema Kufuli amedungwa sindano ile ile iliyomlemaza winga, akafa, na rangi mpya ya geti ilikuwa imeshachafuliwa kwa matope.

"Mama, mpe kijana azungumze redioni," alisema, na wote walisikia kwa kuwa simu ile ilikuwa mbovu, haikujua kunong'ona. "Aseme tu yuko mzima, na kwamba ameamua mwenyewe kupumzika. Mwenyewe. Akisema hivyo tunampa timu ya watoto afundishe. Na goti tutalipeleka hospitali. Mwenyekiti amekubali, nipo naye hapa."

Kufuli akamtazama mama yake. Kazi. Hospitali. Kwa neno moja tu. Mama akatikisa kichwa kukubali, haraka haraka, akasema bila sauti: sema ndiyo, ukae.

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mpira, Kufuli alimtii.

"Sawa," alisema.

Wakamuunganisha. Mtangazaji akamkaribisha, akamuuliza kama yu hai, watu mtaa mzima wakacheka kwenye redio zao. "Nipo," alijibu. "Na ni kweli umeamua kupumzika kwa hiari yako?"

Kufuli alifungua mdomo. Mabega yaliyokuwa yakizuia watu uwanjani yalishuka mpaka akaonekana mfupi. "Mimi..." alisema. "Ni kwamba mimi mwenyewe nime..."

Mama yake alikuwa amemlilia tangu asubuhi, na uso huu wa mwanawe ulikuwa mbaya kuliko ule wa maiti aliokuwa ameuwaza chini ya shuka. Akanyoosha mkono, akachukua simu.

"Mimi ni mama yake," alisema. "Mwanangu hajapumzika. Nimeshamwombolezea leo, kwa hiyo tofauti naijua. Mmemfukuza kwa sababu alisema goti si tairi. Na goti lenyewe hili hapa, nimelishika. Linachemka."

Simu ikakatika. Kwa kinyozi, redio ikapiga wimbo ule ule wa taratibu, kisha mtangazaji akaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo. Msemaji hakupiga tena. Wala wa hospitali hakupiga.

Mama Kufuli akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Nimekuponza, mwanangu. Kazi ilikuwa mkononi."

"Miaka yote unaniuliza mdomo huu nimeutoa wapi," Kufuli alisema. "Leo nimejua."

Akajaribu kucheka, mama hakuweza. Jioni ilikuwa inaingia. Wanawake wakaanza kukunja mikeka, wakiagana kwa sauti za chini, maana hakuna aliyejua watu huagana vipi kwenye msiba ambao maiti ameketi akifunguliwa bandeji.

Hapo ndipo shangazi alipofika kutoka stendi, na furushi lake na macho yaliyovimba kwa safari nzima ya kulia. Akamwona Kufuli. Akalishusha furushi.

"Si wamesema redioni amepumzika?"

"Bado, shangazi," Kufuli alijibu.

Wakamweleza yote, neno kwa neno, mpaka mwisho. Akamshukuru Mungu, akamshika mpwawe kichwa, akalitazama goti lililovimba kama boga. Kisha akageuka, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

"Sasa kesho asubuhi anakwenda wapi?"

Muuza mkaa, ambaye alikuwa mlangoni na mkeka wake kwapani, akarudi ndani, akautandika tena pale pale, akaketi.