Milioni Moja na Moja

Katika darasa la watu wazima, kila mwanamke aliitwa kwa jina la mwanawe au la biashara yake, isipokuwa dobi. Yeye aliitwa Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote.

Jioni moja mwalimu aliandika ubaoni: namba tasa. "Ni namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe," akaeleza.

"Maskini, haikujaliwa!" akadakia Mama Vitunguu, muuza mboga asiyeweza kupitwa na mzaha. "Tuipeleke hospitali, au tuitafutie mume mwingine?"

Darasa likaangua kicheko. Dobi akainama, akajifanya anachonga penseli. Mara ya mwisho neno lile lilitoka kinywani mwa mama mkwe, siku mumewe alipofungasha virago. Sasa lilikuwa limemfuata hata hapa, mahali pekee alipopata wa kuzungumza nao. Wateja walimpa nguo, kisha wakampa mgongo.

Mwalimu akaandika tena: 1,000,001. "Je, hii nayo ni tasa? Mkajaribu nyumbani."

"Tasa hiyo, mwalimu," akadakia tena Mama Vitunguu. "Usoni tu inaonekana!"

Dobi aliondoka akiapa moyoni kwamba harudi tena.

Hata hivyo, Jumapili mchana, shati la mwisho lilipokwisha kunyooshwa na chumba kikawa kimya, namba ile ilimkaa kooni. Moja mwanzoni, moja mwishoni, katikati sufuri tupu, kama watu wawili waliokaa ncha mbili za benchi bila kusalimiana. Akachukua karatasi ya kufungia nguo, akaanza kugawanya. Kwa saba, ikabaki mbili. Kwa kumi na moja, mbili. Kwa kumi na tatu, mbili vilevile.

"Hutaki?" akaiuliza. "Haya, tutaona."

Alipofika tisini na saba, mgongo ulikuwa unawaka moto. Alitaka kuacha. Kisha akakumbuka kwamba ndivyo walivyomfanyia yeye: walingoja kidogo, wakachoka. Akapiga moyo konde, akajaribu mia moja na moja.

Hakikubaki kitu.

Akacheka kwa sauti, akageuka kumwambia mtu. Palikuwa na pasi tu, nayo ilikwisha poa.

Ndiyo maana alirudi darasani. Alikwenda moja kwa moja ubaoni, akaandika: 101 × 9,901.

"Si tasa," akasema. "Mliikatia tamaa mapema."

"Ala! Kumbe ina watoto, Shangazi?" akauliza Mama Vitunguu. "Na hao, wanagawanyika?"

"Hapana. Nimewajaribu. Hao ni tasa kweli, wote wawili." Akapangusa chaki vidoleni. "Lakini bila wao, hiyo namba yenu haipatikani."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Vitunguu alisogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi kando yake. Dobi akasimama akiitazama nafasi ile, asijue kama ni yake.