Kabichi za Watu

Mama Pacha alipasua kabichi katikati. Viwavi wa kijani, wanene, walioshiba, walikuwa wakijinyonganyonga juu ya mavi yao wenyewe, na jani lote limekuwa uteute. Na hapo mumewe alikuwa amepiga dawa asubuhi hiyohiyo, mara ya tatu wiki hii!

Alimwinua kiwavi mmoja kwa kijiti, akamtumbukiza kwenye ndoo yenye dawa iliyobaki. Kiwavi akaelea, akajikunja, akapanda ukingo wa ndoo na kwenda zake kama mtu aliyetoka kuoga.

"Baba Pacha, njoo uwaone wageni wako."

"Hiyo dawa ni mpya," mumewe alijitetea. "Ile nyingine walishaizoea, nikabadilisha."

Kabadilisha nini! Mama Pacha aliokota chupa tatu tupu mtaroni, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Majina matatu, picha tatu za kupendeza, sumu ileile moja. Viwavi walishaizoea tangu msimu uliopita, na mume wake, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa akinunua lebo mpya tu.

Lakini kilichomtia kinyaa zaidi hakikuwa viwavi. Nyuma ya jiko walikuwa na tuta lao la kabichi za nyumbani, ambalo halikuwahi kuona dawa hata tone. Viwavi wa pale aliwaokota kwa mkono, na waliobaki wakaliwa na nyigu. Hizo ndizo kabichi walizokula wao. Hizi za shambani mumewe aliziita "za watu", wala haoni haya, na leo watu wenyewe walikuwa wanakuja.

Mpishi wa shule ya chekechea alifika na mkokoteni. Mume akaanza kumpakilia mbiombio.

"Shemeji, hizi hazina dawa? Maana wale wangu ni wadogo."

"Wiki mbili sijazigusa. Hata mbichi unakula."

Mama Pacha alipiga hesabu haraka. Akisema, anamvua mumewe nguo mbele ya mteja, na leo nyumbani patachimbika. Akinyamaza, watoto wa watu watalishwa sumu. Kabla hajaamua, mpishi akachuna jani ili aonje utamu, kama alivyozoea, akalitia mdomoni.

"Tema!" Mama Pacha alimrukia, akamkamata mashavu. "Tema, dada! Kapiga dawa leo asubuhi!"

Mpishi akatema, akatema tena, akajifuta ulimi kwa kiganja.

"Anakutania huyo," mume alisema, akacheka kicheko kikavu.

"Haya. Kama ni utani, kula wewe."

Mama Pacha alichuna jani jingine, akamwekea mkononi. Mume akalifuta kwenye suruali, mbele na nyuma, kisha akalitazama. Wanawake wawili walimsubiri. Akalisogeza hadi karibu na midomo, akalishusha.

"Jino linaniuma," akasema.

Mpishi akaanza kushusha kabichi kutoka kwenye mkokoteni, na Mama Pacha akamsaidia.