Kebo Iliyouawa na Raga

Kebo ya Vilimoni ya kupimia magari ilikuwa ya kuiga, na kila fundi mjini Sigatoka alijua masharti ya kebo za namna hiyo: kompyuta yake isionje mtandao hata siku moja. Ikionja, wenye programu huigundua kebo na kuiua. Vilimoni alikuwa ameandika kwa wino mwekundu juu ya kifuniko: KOMPYUTA HII ISIGUSE MTANDAO. Binamu yake Sikeli aliyasoma maneno hayo vizuri tu Jumamosi, alipokuja kuiazima kompyuta ili atazame raga, maana runinga ya nyumbani ilikuwa imetekwa na mkewe na tamthilia zake. Alisema kerekere, na ndugu akishasema hivyo hanyimwi. Kipindi cha pili programu ya kebo ikauliza kama isasishwe, kebo ikiwa bado imechomekwa ubavuni, naye kwa adabu zake akabonyeza ndiyo. Kebo ikafa.

Sasa ilikuwa Jumatano mchana, na Asenaca ameketi kwenye benchi la gereji katika nguo nyeusi. Funguo za gari lake zilipotea hospitalini siku mama yake alipofariki. Ufunguo mpya anao, ila gari halitaukubali mpaka utambulishwe kwa kutumia kebo. Mazishi ni kesho, kijijini, juu kabisa mwisho wa bonde, na gari hilo tu ndilo linaloweza kuipanda ile barabara na jeneza. Fundi mwingine mwenye kebo yuko mji mwingine, Nadi, na simu hapokei.

Vilimoni aliifungua kebo, akalehemu nyaya sita nyembamba kwenye miguu ya chipu iliyo ndani yake, akaanza kuipakia programu upya. Ikagoma. Akarudia, ikafika nusu, ikagoma. Mara ya tatu, kwa hasira, akaweka alama kwenye kisanduku kisichohusika cha kwenye skrini, na chipu ikanyamaza kabisa. Sasa ilikuwa inasubiri mapigo ya kuiendesha kutoka kwenye kipande kidogo cha fuwele ambacho kebo hiyo ya bei poa haikuwekewa. Akatupa bisibisi ukutani. Alijichukia, akamchukia Sikeli, akaichukia na raga yenyewe.

"Kaka, niambie ukweli tu," Asenaca akasema. "Nikatafute farasi?"

"Nipe saa moja, dada."

Kipande cha aina hiyo hupatikana ndani ya rimoti. Vilimoni akavuka barabara hadi kwa Sikeli.

"Binamu, kerekere. Naomba rimoti yako."

"Ya runinga? Jumapili si ni fainali?"

"Kerekere."

Sikeli akaitoa shingo upande, na Vilimoni akaipasua pale pale mlangoni.

Kipande kilipolehemiwa, chipu iliamka. Akaifuta ile alama, na safari hii programu ikaingia hadi mwisho. Gari likaukubali ufunguo, injini ikanguruma. Asenaca aliegemea usukani akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba umfike.

Alipokwisha kuondoka, Sikeli akaingia gerejini. Runinga yake ilikuwa imenasa kwenye chaneli ya mkewe, na haibadiliki.

"Binamu," akasema, macho akiyaepusha na wino mwekundu, "kuhusu Jumapili. Kerekere."

Vilimoni alitamani kumkaba. Akachomoa kebo, akaitia mfukoni, kisha akampa kompyuta.