Viatu vya Msafiri

Mimi na watu wazima hatupatani. Watoto nitakaa nao kutwa, watanipanda mgongoni na kunifutia kamasi kwenye buibui, nisiseme kitu. Lakini mtu mzima anayeniamuru nidanganye, huyo hunipandisha mori. Na baba Kadii ndiye aliyeniamuru.

Alikuja nasari kwetu hapa Muyeye siku chache baada ya mazishi, macho mekundu, kofia mkononi. Mkewe walimbeba kutoka nyumbani, akafia hospitali, wakamzika kwao Vitengeni, na mtoto wakamwacha kwa jirani ili asione.

"Mwalimu Afiya, nimemwambia mamake amesafiri. Nanyi mwambieni hivyo hivyo. Siku akisikia jingine namtoa hapa, nampeleka Vitengeni kwa nyanyake."

"Baba Kadii, mtoto huyu ana akili zake."

"Ana miaka minne, mwalimu. Nakuomba."

Nikakubali shingo upande. Kadii nilikuwa nampenda, kusema kweli, kuliko wenzake wote, na sikutaka anitoke. Kabla ya msiba hakuna aliyemshinda kwa maneno darasani. Sasa akifika avua viatu mlangoni, aketi ukingoni mwa mkeka, atazame njia. Hachezi, hanywi uji, hasemi. Anamngoja msafiri wake. Roho iliniuma kila nilipomwona.

Wiki ile mada yetu ilikuwa safari. Wallahi sikuichagua mimi. Nikamwaga mkekani takataka zangu zote, leso, kitana, sufuria ndogo, viatu vyangu vya zamani, na begi kuukuu nikaliweka katikati. Nikawaambia kuna mtu anasafiri, tumfungashie, ila kitu kisiingie begini mpaka sote tukubaliane. Hiyo ndiyo kazi yangu. Wenzangu huwaimbisha, mimi huuliza "waonaje?" kisha nafunga mdomo. Darasa langu lina kelele kama soko la samaki, na nasemwa sana kwa hilo.

Cynthia akataka sufuria. Marvin akakataa: huko aendako si ziko sufuria? Wakabishana weee, mwisho wakatia leso na kitana. Ndipo Taufiq akanyanyua viatu.

"Hivi visiingie. Hivi avae."

"Kwani lazima?" nikauliza.

"Mwalimu nawe! Barabara ina moto. Atakwendaje miguu mitupu?"

Wakacheka, wakakubaliana wote: anayesafiri huvaa viatu.

Kadii akageuka kutoka mlangoni.

"Mama hakuvaa," akasema. "Ndara zake ziko chini ya kitanda."

Ya Rabi! Sauti niliyoingoja siku zote hizo ndiyo hiyo, nami natamani anyamaze tena.

"Labda ana nyingine," Cynthia akasema.

"Hana. Na vile vya kanisani viko."

"Labda alisahau," akasema Marvin.

"Mtu hasahau viatu." Taufiq alikunja uso, akafikiri. "Bibi yangu alipokufa, vyake vilibaki. Yeye walimbeba."

"Mama pia walimbeba," Kadii akasema taratibu.

Vichwa vikakaribiana juu ya lile begi, wakafikiri wote pamoja. Miaka yote niliyofundisha sijaona watoto wafikiri vizuri vile. Ningetoa chochote wakosee.

"Mwalimu, mama amekufa?"

Ningeweza kumuuliza waonaje. Lakini alikwisha kuona, maskini. Alichotaka ni mtu mzima mmoja asimkimbie.

"Naam, mwanangu. Amekufa."

Akaniangukia kifuani akalia. Nami nikalia, na Cynthia akalia kwa kutuona sisi, na Marvin akatuletea ile leso ya begini.

Baba yake alipokuja adhuhuri alimkuta bado ana kwikwi.

"Nani kamwambia?"

"Viatu vya mamake," nikajibu. "Mimi nimeitikia tu."

"Nilikuomba, mwalimu! Nilikuomba!" Na yeye mwenyewe machozi yanamtoka, mwanamume mzima. Akamnyakua mtoto, akamtia begani, akaenda zake. Kadii alininyooshea mkono mpaka wakakata kona.

Asubuhi yake watoto wakaja, shikamoo mwalimu, marahaba, wakaketi. Cynthia akapatazama pale ukingoni mwa mkeka.

"Kadii yuko wapi?"

Jirani yao alikuwa amenipitia mapema kunijuza: wameondoka alfajiri kwenda Vitengeni, na mtoto harudi. Kwa hiyo sikuwa nadanganya.

"Amesafiri," nikasema.

Taufiq aliinuka akaenda mlangoni penye viatu, na wenzake wakamfuata. Viatu vya Kadii vilikuwa pale pale alipovivua jana yake, vyekundu, kimoja kimelala ubavu.

Taufiq akakiokota, akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, "hakuvaa."