Mwanga wa Nyonga ya Masinde

Stima ilipopotea Kiganjo jioni moja ya mwaka ule wa ukame, 1984, Tryphosa hakutafuta mshumaa. Alimfunua mumewe Masinde blanketi, akamgeuza ubavu polepole kwa sababu ya maumivu, akasogeza ungo karibu na nyonga yake na kuendelea kuchagua mawe kwenye maharagwe. Mwanga wa nyonga ulimtosha. Ule wa uti wa mgongo ulikuwa mkali zaidi, ila ulimchoma macho.

Daktari alikuwa amewaeleza bila kuzunguka. Saratani ilianza kwenye tezi dume, chini ya kibofu, ikakaa huko miaka, na sasa imeingia mifupani, na palipoingia panawaka. Angekuja mapema wangeitoa. Akampa dawa ya maumivu, akamshauri avae fulana nzito ili mkewe apate usingizi.

Mapema! Masinde angekuja mapema vipi? Alikuwa sajini mstaafu, mfundishaji wa kwata, mwanamume aliyesimama mbele ya kisu cha tohara kule Bungoma, amepakwa matope baridi ya mtoni, asipepese jicho. Mtu wa namna hiyo haendi kumwambia kijana wa hospitali kwamba mkojo unamtoka kwa matone. Alipoamka kila saa kwenda chooni, alisema ni baridi ya mlima. Mgongo ulipomuuma, baridi. Na Tryphosa, Mungu amsamehe, badala ya kumshika mkono ampeleke, alimfumia sweta. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini Masinde hakujua kulia, basi mifupa ikafanya kazi hiyo.

Majirani walizoea. Kabura wa duka alikuja kutunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wake, akaacha maziwa mezani. Masinde alifurahi kuwa na kazi tena.

Mgeni ambaye Masinde alimngoja hasa alikuwa Gatimu, mkulima wa viazi, mtani wake wa miaka mingi. Naye alitahiriwa alfajiri, baada ya kusimama mtoni hadi mwili ukafa ganzi, na hawakuwahi kukubaliana mto wa nani ulikuwa na baridi zaidi. Jioni hiyo ya kukosa stima Gatimu alikaa kigodani, koti limefungwa vifungo vyote. Alitoka nje kukojoa, akakawia, akarudi, akatoka tena. Aliporudi, Masinde aliona mwanga chini ya kifungo cha mwisho, mdogo, wa manjano, kama wa koroboi iliyopunguzwa utambi.

Maumivu yake mwenyewe alishayazoea. Haya yalikuwa mapya.

"Gatimu, yako bado ni ndogo," alisema. "Enda hospitali kesho."

Gatimu akavuta koti. "Hii ni baridi tu, Sajini."

"Hata mimi nilisema hivyo. Si uniangalie."

Gatimu alimwangalia, mfupa kwa mfupa, akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema ataenda, mvua ikinyesha na akishapanda viazi. Masinde akajaribu kumwamuru kwa sauti ya uwanjani, ikatoka nyembamba. Ndipo Masinde akalia. Alilia mbele ya mwanamume mwenzake, waziwazi, kamasi zikimtoka, akimsihi rafiki yake aende. Gatimu akageuza uso ukutani, kama watu wanavyomgeuzia uso kijana aliyetetemeka mbele ya kisu, asiaibike zaidi. Kisha akachukua kofia, akamtakia Tryphosa usiku mwema.

Masinde alikufa kabla ya mvua. Siku ya kumpeleka Bungoma jua lilikuwa kali, hata mbwa walilala kivulini. Wanaume walibeba jeneza wakiwa wamefunga makoti hadi shingoni. Ndani ya lori, chini ya turubai, mlikuwa na giza, lakini kwa mwanga uliopenya chini ya makoti yao Tryphosa aliona vizuri pa kuliweka.

Gatimu alishuka wa mwisho, akamshika Tryphosa mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Pole sana, Mama Khisa," alisema. "Baridi ya huku imetunyang'anya mtu."