Abiria wa Bwana Nickson

Ofisi ya vibali ilifunguliwa asubuhi kama kawaida, jenereta likawashwa, na Bwana Nickson akaketi mbele ya kompyuta kurusha ndege. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, katika kambi moja ya wakimbizi wilayani Kasulu. Kompyuta ililetwa kwa ajili ya vibali vya kutoka kambini. Mchezo wa ndege ulikuja nayo, na Nickson, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku bila kuulizwa, akaupenda kuliko kazi. Ndege ilitakiwa itue juu ya meli, katikati ya bahari. Hakuwahi kufanikiwa. Na kabla hajatua hakusaini kitu, maana alisema mkono wake haujatulia.

Tatizo ni kwamba ndege ile haikupaa bila abiria. Aliyekaa mwanzo wa benchi ndiye aliyekwenda nayo. Ikiangukia baharini, mtu alirudi palepale kwenye benchi akiwa amelowa chapachapa, na Vestina mfagizi akapiga deki. Wanawake walianika vitenge vyao juani, kisha wakakung'uta chumvi yake kwenye sufuria, kwa kuwa chumvi ya mgao haikutosha. Walicholalamikia ni foleni tu.

Mpawenimana alifika na kikapu cha unga wa ulezi kilichofunikwa kitambaa. Binti yake Ange, aliyepoteana naye siku ya kuvuka mpaka kutoka Burundi, alikuwa amejifungua katika kambi nyingine huko Kibondo. Kwa watu wa kwao, mama asiyempelekea binti yake unga wa uji wa uzazi ni kama amemkana. Basi alitaka ruhusa aende, apike uji, ampakate mjukuu, arudi.

"Sababu ya safari?" Nickson aliuliza, macho kwenye kioo.

"Kupeleka unga kwa mzazi, mzee. Umwana wanje, binti yangu, amezaa."

Nickson akaipiga sababu hiyo kwenye kompyuta, akamwambia asubiri atue.

Mpawenimana alisogea na benchi mpaka zamu yake ilipofika, mara akajikuta angani. Chini yake ilipita Nyakitonto na mashamba yake ya mihogo. Alichanganyikiwa kabisa. Hakujua kama ameshapewa ruhusa au bado, wala kama ashike kiti au ashike kikapu. Walipofika Kibondo ndege ilishuka hadi karibu na maturubai ya kambi, akamwona Ange amesimama mlangoni, amebeba kitu kilichofungwa kwenye nguo. Akaita kwa nguvu zake zote. Ndege haikusimama. Msitu ulipoishia, bahari ikaanza.

Siku hiyo Nickson alitua. Magurudumu yaligonga chuma cha meli, waya uliotandazwa pale ukaidaka ndege kwa nyuma, na Mpawenimana nusura ajigonge paji la uso. Mabaharia wakamteremsha kwa heshima, mmoja akamletea kiti. Hakuelewa lugha yao, wala hakuelewa nyumba gani hii inayoyumba. Lakini alikuwa amelelewa vizuri. Kwao huwezi kuingia kwa watu na kikapu kilichofunikwa, ukakaribishwa, halafu ukatoka nacho vilevile. Moyo ulimuuma, akakitoa kwa mikono miwili. Mkubwa wa mabaharia akashukuru, na unga ukapelekwa jikoni.

Alirudi kwenye benchi akiwa mkavu, kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi lile. Watu walipiga makofi. Nickson alifurahi kama aliyeoza binti, akasaini vibali vya wote isipokuwa cha Mpawenimana.

"Chako kimefungwa, mama. Hapa inasema mzigo umepokelewa, safari imekamilika."

"Lakini sijafika, mzee!"

"Umefika. Nimekufikisha mwenyewe."

"Pale ni wapi?"

Nickson alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya, na swali lilimsumbua. "Sijui, mama," alisema. "Lakini mzazi mmoja hupelekewa unga mara moja tu."

Mpawenimana aliondoka akijiuliza kama kweli amefika, na kama amefika, mbona hana furaha.

Juma lililofuata Vestina alimwombea nafasi kwenye redio ya upepo, ambayo ofisi za kambi zilitumia kuwasiliana. Sauti ya Ange ilitoka Kibondo ikikwaruza.

"Mawe, mama yangu, ni wewe? Nilikuona! Ndege ilipita chini kabisa, nikamwinua mtoto umwone."

"Niliona nguo."

"Sasa mbona hukushuka?"

Mpawenimana alibana kitufe cha kuongea. Hasira ilimpanda, lakini hakujua amkasirikie nani.

"Anafanana na nani?" akauliza.

Ange akaanza kumweleza, akianzia masikio.