Shahidi wa Pili

Nianze kwa kukiri, maana nimechoka kulibeba: wosia wa Mzee Futi niliutia saini nikiwa ofisini, natafuna karanga.

Sheria haina mzaha hapo. Mwenye wosia hutia saini mbele ya mashahidi wawili, wote wakiwepo kwa wakati mmoja, wakimwona kwa macho yao. Sentensi hiyo nimeichapa mpaka vidole vinaijua vyenyewe. Lakini mgonjwa akishindwa kuja, Wakili huenda kwake peke yake, anakuwa shahidi wa kwanza, kisha anarudi na kuniwekea karatasi mezani. "Mama, malizia hapa," ananiambia, na mimi, karani wake wa miaka kumi na tisa, namalizia. Tulikuwa tunaiita kuokoa muda.

Mzee Futi alikuwa fundi cherehani. Jina hilo lilimganda kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake, hata akienda hospitali. Aliishi na mkwewe, mjane wa mwanawe mdogo, aliyemuuguza miaka sita bila kununa. Nyumba akamwandikia yeye. Bila wosia ule mkwe si mrithi, na nyumba inakwenda kwa mwana mkubwa, ambaye alimpa shemeji yake notisi ya kuhama kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kisha akaenda mahakamani kudai wosia ni batili.

"Utaitwa kutoa ushahidi," Wakili akaniambia, akijifanya anatafuta miwani. "Swali ni moja tu. Ulimwona akitia saini?"

"Na jibu unalijua."

"Ukisema hapana, yule mama analala nje."

"Na nikisema ndiyo nikagundulika, mimi nalala wapi?"

Hakucheka, na mimi sikuwa nachekesha.

Mambo yakaanza kesho yake. Kiti cha wateja kimeelekea mlango wa Wakili tangu nianze kazi pale. Asubuhi nilikikuta kimegeuzwa, kinatazama meza yangu. Nikakirudisha, nikamsema mfagiaji mpaka akatoa machozi. Siku ya pili kimegeuka tena, na mfagiaji alikuwa ameomba ruhusa, hakuja kazini. Nikawa nachapa huku mgongo umekaza, nahisi mtu ananipima mabega, toka hili hadi lile, taratibu, bila haraka yoyote. Niliogopa. Sitaki kujitia ushujaa hapa.

Kisha saini. Nilitoa wosia kabatini kunakili tarehe, nikaona saini yangu imepauka. Ya mzee ilikuwa nyeusi, ya Wakili nyeusi, na kalamu ilikuwa moja. Wakili akasema wino wa siku hizi ni maji matupu. Siku ya tatu, ili uone jina langu, ilibidi uisogeze karatasi dirishani.

Siku moja kabla ya kesi nilikwenda nyumbani kwa marehemu, saa nne asubuhi, jua linawaka. Niseme ukweli, nilikwenda kukariri chumba, ili uongo wangu uwe na dirisha na kitanda. Mkwe akanipokea vizuri mno hadi nikaona haya.

"Karibu, dada. Chumba chake sijakigusa."

Kitanda cha chuma chini ya dirisha, cherehani iliyofunikwa shuka, na viti viwili kando ya kitanda.

"Hiki alikaa Wakili," akasema. "Na hicho kilikuwa chako. Baba aliuliza, shahidi wa pili yuko wapi? Wakili akamwambia yuko njiani. Baba akatia saini, lakini hakuridhika. Akasema, basi mimi nitamsubiri."

"Alisubiri mpaka lini?"

Mkwe akakitazama kitanda. "Sijamsikia akisema ameacha."

Akaenda kuniletea maji. Nikakaa kwenye kiti changu, na godoro likabonyea.

Alikuwa ameketi ukingoni, amevaa shati jeupe, futi shingoni. Hakunikemea. Alinitazama kama fundi anavyomtazama mteja aliyechelewa kuchukua nguo zake, kisha akainamia paja lake, akaanza kuandika. Hapakuwa na karatasi wala kalamu, lakini mkwaruzo niliusikia, herufi kwa herufi. Alipomaliza aliinua macho kuhakikisha nimeona. Nikaitikia kwa kichwa. Mkwe aliporudi na maji alinikuta nalia peke yangu.

Mahakamani, wakili wa mwana mkubwa alinisogelea akitabasamu.

"Ulimwona marehemu akitia saini?"

"Nilimwona kwa macho yangu."

"Vizuri. Alikuwa amevaa nini?"

"Shati jeupe. Kifungo cha pili kilikuwa cha bluu, kimeshonwa kwa uzi mwekundu."

Mwana mkubwa alisimama bila kuruhusiwa, uso umemparama.

"Kifungo hicho nilikishona mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Chumba cha maiti. Asubuhi ya mazishi. Nilikuwa peke yangu naye."

Hakimu akamwamuru aketi, akidhani ni uchungu wa msiba unamsemesha. Hakuketi. Alinitazama muda mrefu, na nikaona ameelewa nilimwona baba yake lini. Kisha akamnong'oneza wakili wake, na pingamizi likaondolewa palepale.

Nje, mkwe alinikumbatia mpaka bega langu likalowa. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi. Saini yangu kwenye wosia ilikuwa nyeusi tii.

Jumatatu nilikwenda kazini nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimeshamwambia Wakili kwamba kuanzia sasa kwa kila mgonjwa tunakwenda wote. Nikafungua mlango wa ofisi, nikakuta kabati la mafaili liko wazi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Mzee Futi hakuwa mgonjwa wetu wa kwanza, na miaka kumi na tisa ni mingi.

Kiti cha wateja kilikuwa kimenielekea. Nyuma yake viti vyote vya chumba cha Wakili, na benchi la koridoni, vimepangwa foleni hadi ukutani.

Nikaweka mkoba chini, nikaketi, nikainua macho.

"Haya," nikasema. "Nani alitangulia?"